Hasira ya Jirani Yetu: Namna Mawazo Yanavyowasha na Kuzima Hisia

(Hotuba ya Kamati Ndogo ya Afya na Ustawi wa Jamii, iliyosomwa mbele ya wakazi na wageni katika maadhimisho ya Siku ya Afya ya Akili Duniani, tarehe 10 Oktoba)



Siku hii ilianza kuadhimishwa duniani mwaka 1992. Katika sherehe za miaka iliyopita tumezungumza hapa uwanjani juu ya kifafa, juu ya huzuni inayoletwa na vita, na juu ya pombe. Mwaka huu tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni la afya. Tunaliita ukorofi, tunaliita tabia mbaya, na wengine tunaliita mapepo. Jambo hilo ni matatizo ya haiba, na hasa namna watu wenye matatizo hayo wanavyotumia mawazo yao kupambana na hisia zao.

Tunaomba tuanze na kosa letu wenyewe.

Katika kijiji kimoja cha kambi hii yupo mama kijana. Jina lake hatutalitaja. Tutamwita dada yetu. Leo alikuwa rafiki wa mtu hata kumgawia nusu ya unga wake wa mgao. Kesho, kwa neno moja tu, mtu yule yule akawa adui yake. Siku moja bombani jirani alipita asimsalimu. Dada yetu alipiga kelele, akaimwaga ndoo ya jirani, akatukana mpaka watoto wakakusanyika kutazama. Jioni alikwenda mlangoni kwa jirani huyo huyo, akalia, akimwomba asimwache.

Mashtaka yalipofika mara ya nne, sisi wanakamati tulikaa, tukaandika barua ya kuomba ahamishwe zoni. Tulimwita, tukamsomea barua hiyo mbele ya watu. Hatukumwuliza hata swali moja. Usiku ule alijaribu kujiua. Sungusungu walimwahi, akafikishwa hospitali ya kambi, na kwa neema ya Mungu akapona.

Barua ile tuliifuta, lakini maneno tuliyomsomea alikuwa amekwisha kuyasikia. Baadaye mwuguzi wa afya ya akili alitukalisha chini siku tatu, akatueleza. Haya tunayoyasema leo tulianza kujifunza wakati ule, na dada yetu mwenyewe ametupa ruhusa tuyaseme.

HAIBA NI NINI, NA TATIZO LA HAIBA NI NINI?

Haiba ni ile desturi ya mtu ya kuhisi, ya kuwaza na ya kuishi na wenzake. Mmoja ni mpole, mwingine ni mchangamfu, mwingine hapendi mikusanyiko. Hayo si maradhi. Tunasema kuna tatizo pale desturi hiyo inapokuwa ngumu kiasi cha kutobadilika kufuatana na hali, ikadumu miaka mingi, ikaonekana nyumbani, kazini na kwa marafiki, ikamwumiza mwenyewe pamoja na walio karibu naye.

Watafiti walioshirikiana na Shirika la Afya Duniani walichunguza nchi 13, zikiwemo Nigeria na Afrika Kusini. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2009, yalionyesha kwamba watu karibu 6 katika kila 100 wana tatizo la namna hii. Kwa hiyo si jambo la kambi, wala si la kabila fulani. Liko kwa matajiri na maskini, kwa wenye nchi na kwa waliokimbia nchi.

Aina za matatizo haya ni nyingi. Leo tunaishika moja, ile ya hisia zisizotulia. Mwenye tatizo hili anaogopa mno kuachwa. Anampenda mtu kupita kiasi, kisha anamchukia kupita kiasi. Hisia zake hugeuka kwa saa chache. Moyoni anasikia utupu. Anafanya mambo kwa haraka bila kupima, na mara nyingine anajidhuru mwili wake.

Hapa tunatoa tahadhari. Mtu aliyepoteza watoto wake njiani, asiyelala usiku, anayeshtuka mlango ukigongwa, si lazima awe na tatizo la haiba. Huenda ni majonzi, au hofu iliyobaki ya vita. Mwenye kupambanua ni mtaalamu aliyemsikiliza mtu kwa muda. Tunawaomba msitoke hapa leo mkaenda kuwabandika majirani majina.

MOTO UNAVYOWAKA

Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Marsha Linehan, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1993. Alisema vitu viwili hukutana. Cha kwanza ni maumbile: wako watu waliozaliwa na moyo mwepesi kuhisi. Hisia zao huwaka upesi, hupanda juu kuliko za wengine, na huchelewa kushuka. Aliwafananisha na mtu aliyeungua mwili mzima: kuguswa kidogo tu ni maumivu makubwa.

Cha pili ni malezi na mazingira. Mtoto anapolia akaambiwa, "Huna sababu ya kulia," anapoogopa akachekwa, anapoumizwa akaambiwa anasema uongo, hajifunzi jina la hisia yake wala namna ya kuituliza. Anajifunza kwamba akisema polepole hasikiwi, na akilipuka ndipo watu wanageuka kumtazama. Wengi wenye tatizo hili walipigwa au walitendewa mabaya utotoni, ingawa si wote.

Sisi wazazi tuliovuka ziwa mwaka 1996 tunajua kwamba tuliwaziba watoto wetu midomo wasilie, ili tusisikike. Ilikuwa lazima, na hatujilaumu kwa hilo. Lakini tulipofika salama, wangapi kati yetu tuliwaambia watoto, "Sasa unaweza kulia"?

NJIA TISA ZA KUWAZA

Kati ya tukio na hisia kuna wazo. Jirani amepita bila salamu: hilo ni tukio. Nimekasirika: hiyo ni hisia. Katikati kuna neno ambalo moyo umejiambia, na neno hilo huja upesi hata mtu asilione likipita.

Mwaka 2001 watafiti watatu wa Leiden, nchini Uholanzi, Nadia Garnefski, Vivian Kraaij na Philip Spinhoven, walizipanga njia ambazo watu huzitumia kuwaza wanapopatwa na jambo baya. Walihesabu tisa. Tutazieleza kwa mfano wetu wa bombani.

Njia nne za kwanza mara nyingi huongeza kuni kwenye moto:

1. Kujilaumu. "Hakunisalimu kwa sababu mimi sifai."

2. Kumlaumu mwenzako. "Amefanya makusudi. Ana roho mbaya."

3. Kucheua. Ng'ombe humeza majani, kisha huyarudisha kinywani akayatafuna tena. Ndivyo mtu anavyolirudia jambo lile lile mchana na usiku. "Kwa nini alinyamaza? Aliangalia wapi? Jana alisema nini?"

4. Kulikuza jambo. "Huyu ameniacha. Wote wataniacha. Maisha yangu yamekwisha."

Njia tano zinazobaki mara nyingi huutuliza moto:

5. Kukubali. "Hakunisalimu. Imeniuma. Ndivyo ilivyokuwa." Kukubali si kusema kwamba jambo ni zuri; ni kuacha kupigana na lililokwisha kutokea.

6. Kuhamisha fikra kwenye jambo jema, kama barua iliyofika kutoka kwa ndugu, au mtoto aliyefaulu mtihani.

7. Kupanga hatua. "Kesho asubuhi nitamwuliza kwa upole kama kuna neno."

8. Kulitazama jambo kwa upande wenye faida. "Hapa nimejifunza kwamba moyo wangu huumia upesi. Nikijua hivyo nitajilinda."

9. Kulipima jambo. "Tumepita makubwa kuliko haya. Hili ni dogo."

Kila mmoja wetu hutumia zote tisa. Lakini uchunguzi uliofanywa kwa watu wenye hisia zisizotulia umeonyesha kwamba wao huangukia zaidi zile nne za kwanza, na njia za kutuliza huwajia kwa shida. Hawakuchagua hivyo. Wazo lenyewe huwafikia kabla hawajalikaribisha. Dada yetu alituambia kwamba siku ile bombani mawazo yote manne yalimjia kabla ndoo yake haijajaa.

Hapa tunataka kueleweka vizuri, hasa na ndugu zetu wa mashirika. Hatusemi kwamba kila hasira ni kosa la kuwaza. Gunia likipungua, limepungua. Mwanamke akipigwa, amepigwa. Linehan mwenyewe alifundisha kwamba kwanza mtu aangalie ukweli wa jambo. Ukweli ukilingana na hisia, dawa ni kulitatua jambo lenyewe, si kumwambia mtu abadili mawazo. Mawazo mema hayajazi gunia. Asitokee kiongozi wala mfanyakazi akaitumia hotuba hii kuwanyamazisha wanaolalamika kwa haki.

KUNYAMAZA SI KUTULIA

Wako watakaosema, "Basi ajikaze." Sisi pia tulisema hivyo. Mwaka 1998 mtafiti James Gross wa Marekani alichapisha jaribio. Watu walionyeshwa filamu ya kuchukiza. Kundi moja liliambiwa lifiche hisia lisizionyeshe. Kundi la pili liliambiwa liitazame filamu ile kwa fikra ya utulivu, kama mtu anayejifunza kazi. Waliojificha nyuso zao zilitulia, lakini chuki moyoni haikupungua, na miili yao ilizidi kuhangaika. Walioitazama kwa fikra nyingine walisikia chuki kidogo zaidi.

Kwa hiyo kumwambia mtu "jikaze" ni kufunika sufuria inayochemka bila kupunguza moto. Ipo siku itafurika.

Jambo lingine tulilojifunza ni kwamba moto ukiwa juu kabisa, mawazo mema hayasikiki. Mtu anayetetemeka kwa hasira huwezi kumpa somo. Mwili utangulie kutulia, akili ifuate. Hizi ndizo hatua ambazo dada yetu anazifuata sasa, alizofundishwa zahanati:

Kwanza, anasimama. Anaondoka pale penye ugomvi, ananawa uso kwa maji ya baridi, anapumua polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia.

Pili, anaitaja hisia kwa jina lake. Anasema, "Hii ni hofu ya kuachwa." Mara nyingi aliyodhani ni hasira ilikuwa hofu iliyovaa nguo ya hasira.

Tatu, anatenganisha alichokiona kwa macho na kilichoongezwa na moyo. Macho yaliona mtu amepita kimya. Kwamba anachukiwa, hilo liliongezwa na moyo.

Nne, anatafuta sababu nyingine mbili zinazowezekana.

Tano, anachagua tendo. Akiona kwamba ukweli haulingani na hisia, anafanya kinyume cha kile ambacho hisia inamsukuma kufanya. Hisia ikisema "tukana", yeye anasalimu. Hisia ikisema "jifungie", yeye anatoka akae na watu.

Mtajiuliza, jirani yule alinyamaza kwa nini? Tulikuja kujua baadaye. Asubuhi ile alikuwa ameletewa habari za msiba wa kaka yake huko nyumbani. Alikuja bombani kwa sababu maji yalihitajika kwa wageni wa msiba. Hakumwona mtu yeyote njiani. Wawili wale wote walikuwa na maumivu, na sisi tulihesabu ndoo iliyomwagika tu.

JE, WANAPONA?

Zamani hata waganga walidhani watu hawa hawatibiki. Mwaka 1992, katika hospitali ya McLean huko Marekani, ulianzishwa uchunguzi uliowafuata wagonjwa 290 wenye tatizo hili. Matokeo ya miaka kumi yalitolewa mwaka 2010: watu 93 katika kila 100 walikuwa wamefikia kipindi cha miaka miwili au zaidi ambacho dalili zilikuwa zimetulia. Kurudi kazini na kuishi vizuri na watu kulichukua muda zaidi, na si wote waliofika. Lakini habari kubwa ni kwamba moto hupungua.

Hakuna kidonge kinachotibu haiba. Dawa husaidia yale yanayoambatana nayo, kama huzuni kubwa. Tiba yenyewe ni mazungumzo na mafunzo ya muda mrefu. Ile aliyoibuni Linehan huwafundisha watu kutambua wakati uliopo, kuvumilia dhiki bila kujidhuru, kutuliza hisia, na kusema na wenzao vizuri.

Mwaka 2011 Linehan, akiwa mwalimu mwenye sifa duniani, alieleza siri yake. Mwaka 1961, akiwa msichana wa miaka 17, alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Hartford. Alikuwa akijidhuru, akafungiwa chumba cha peke yake. Alirudi katika hospitali ile ile kuyasema hayo hadharani. Aliyebuni tiba alikuwa mgonjwa mwenyewe. Tunalisema hili kwa ajili ya vijana wetu wanaoficha makovu chini ya mikono mirefu ya mashati.

Mtauliza, sisi tusio na wataalamu wengi tufanyeje? Katika makazi ya Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, wakimbizi wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika uchunguzi ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2020. Baadhi yao walikutana mara tano katika vikundi, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa lugha yao, yakiongozwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Walijifunza kuyatambua mawazo magumu bila kuvutwa nayo. Miezi mitatu baadaye dhiki yao ya moyo ilikuwa imepungua kuliko ya wale ambao hawakukaa vikundini. Mafunzo yale hayakuwa tiba ya haiba, wala hatudai hivyo. Lakini yanaonyesha kwamba namna ya kuwaza inaweza kufundishwa hata chini ya mti, hata kwa asiyejua kusoma.

KAZI YETU SISI JIRANI

Mtu hawezi kuzima moto peke yake ikiwa majirani wanaleta kuni. Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

La kwanza, tusikilize kabla ya kusahihisha. Kumwambia mtu "Naona imekuuma" si kukubali kwamba amefanya vyema kumwaga ndoo. Ni kumpa mahali pa kusimama. Akishatulia, ndipo tuseme habari ya ndoo, na ndoo ailipe.

La pili, tuweke mipaka bila vitisho. "Nitarudi kesho saa nne" ni neno linalosaidia. "Ukiendelea tutakufukuza" ni petroli.

La tatu, mtu akisema anataka kufa, tusiseme anatafuta kuonekana. Tusimwache peke yake. Tumpeleke zahanati saa hiyo hiyo, hata usiku. Sungusungu wanajua njia.

La nne ni letu sisi viongozi. Tangu tukio lile, Kamati imeamua kwamba hakuna barua ya kumhamisha mtu kwa sababu ya tabia itakayoandikwa kabla mwenyewe hajasikilizwa faraghani, na kabla mhudumu wa afya hajaulizwa. Tunawaomba viongozi wa vijiji vyote walishike hilo, na wakazi watukumbushe tukilisahau.

Ndugu zangu, dada yetu hajawa malaika. Mwezi uliopita alipandisha sauti tena penye foleni ya mgao. Lakini safari hii aliiweka ndoo chini, akaenda kunawa uso, akarudi mwisho wa foleni. Waliokuwa mbele yake walimwambia, "Dada, nafasi yako bado ipo." Jirani wa ile ndoo alikuwa mmoja wao.

Kuteleza si kuanguka. Sisi Kamati tuliteleza vibaya kuliko yeye, na tunamwomba msamaha hapa mbele yenu wote.



Kamati Ndogo ya Afya na Ustawi wa Jamii